Nani Anawachubua Farasi?

Jumatatu, 3 Juni

Farasi wana alama. Sukari ubavuni, Malkia ubavuni, Mzee ubavuni. Ngozi imechubuka kidogo, manyoya yametoka. Msimamizi wetu wa banda, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, anasema labda wanajikwaruza ukutani. Kuta za banda hili ni laini kuliko uso wake. Alipewa usimamizi kwa sababu anawahi kazini. Hata jogoo anawahi. Aliyestahili cheo ni mimi, na kila mwenye macho analijua hilo, isipokuwa Madamu, mwenye shule hii ya kupanda farasi, anayevaa miwani.

Madamu amesema farasi wenye michubuko hawatabeba watoto kwenye maonyesho ya Jumamosi. Na kama kuna mtu anawapiga, atafungasha virago siku hiyo hiyo. Moyo wangu ukacheka.

Jumanne, 4 Juni

Nimechunguza kitaalamu. Alama zote ziko usawa wa kitovu changu. Nimemweleza Madamu, kwa sauti ya masikitiko, kwamba huo ni mjeledi, na mwenye mjeledi hapa ni mmoja. Jina sikutaja. Nilimtazama tu shemeji mpaka shingo ikaniuma.

Amesimamishwa hadi daktari wa mifugo aje Ijumaa. Funguo ninazo mimi. Mkanda wangu mpya wenye bizimu kubwa ya shaba, kichwa cha simba, nimeuvaa tangu wiki iliyopita ili watu wazoee kuniona mkubwa. Sasa umepata cheo chake.

Jumatano, 5 Juni

Alama mpya, na shemeji hayupo. Mjanja kuliko nilivyodhani.

Nyumbani mambo si mazuri. Ninaishi chumba cha nyuma kwa dada, mke wa huyo mtuhumiwa. Dada hakuitikia salamu. Sahani yangu niliikuta juu ya kabati, nyuma ya pasi, imepoa. Shemeji amekalia kiti changu, ambacho anadai ni chake kwa kuwa alikinunua. Akaniuliza kama Mzee anakula vizuri. Unafiki mtupu. Dada alikuwa jikoni akilia. Nadhani ni vitunguu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamua kutomwamini mtu. Nimewapiga brashi farasi wote mwenyewe, kwa nguvu, nikiwaegemea kwa tumbo ili wasichezecheze. Sukari alitaka kuniuma. Amedekezwa.

Jioni alama zimezidi. Nikazipaka rangi ya viatu ya kahawia, Madamu asihangaike. Malkia ni mweupe. Hilo lilikuwa kosa la rangi, si la akili.

Ijumaa, 7 Juni

Daktari amekuja. Binti mdogo ndani ya buti kubwa. Alipangusa rangi ya viatu, akainusa, akauliza ni wazo la nani. Nikasema la shemeji. Dada, aliyekuja na mumewe kusikia hukumu, akamkumbusha kila mtu kwamba mumewe hajakanyaga hapa tangu Jumanne. Ndugu wa damu, huyo.

Daktari akatafuta chawa, akatafuta ukurutu. Hakuona. Akanigeukia.

“Mpige brashi Sukari kama unavyofanya kila siku.”

Nikampiga brashi. Sukari akalaza masikio nyuma.

“Inatosha. Sogea hapa nione mkanda wako.”

Manyoya ya farasi watatu yalikuwa yamenasa kwenye meno ya simba. Meupe, meusi, ya kahawia. Madamu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akanitazama kama kitu alichokikanyaga. Akasema nifungashe.

Shemeji hakucheka. Hilo sitamsamehe.

“Madamu,” akasema, “huyu ni ndugu wa mke wangu, na farasi watapona. Niachie mimi.”

Nimebaki, kwa sharti la kuzoa mavi. Kesho watoto watawatazama farasi kwa mbali. Mmoja, mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa ameshaandaliwa kumpanda Malkia. Amekataa kuniita mjomba.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Tatizo ni ngozi. Kabla ya shemeji kuwa msimamizi, farasi wa hapa walikuwa na ngozi ya farasi. Yeye ndiye aliyewalainisha. Nilimweleza dada jambo hili. Akaniuliza lini nahama.

Mkanda wangu dada ameufungia kabatini. Si kitu. Nimejipatia saa ya chuma, pana, yenye mnyororo unaolegea mkononi, maana mtu wa hadhi yangu lazima ang'ae mahali fulani. Leo, katikati ya kuzoa mavi, nilipumzika nimeukumbatisha mkono huo shingoni mwa Mzee.

Jioni nimeona mchubuko mwembamba pale pale shingoni. Mpya kabisa. Na mtu aliyempapasa Mzee shingoni Ijumaa ni daktari. Madamu atalisikia hili kabla hajamaliza chai ya asubuhi.