Mashine Kumi na Mbili za Mwalimu Gikonyo

Jumatatu, 13 Machi 2006
Mkosi! Mkuu wa chuo, Bwana Kagwe, ametangaza kwamba sisi walimu wa ufundi tutafundisha na biashara. Haitoshi mwanafunzi kujua kuchomelea vyuma, ati lazima ajue na kuuza. Darasa lisilouza kitu kufikia mwisho wa mwezi halitapokea wanafunzi wapya, na mwalimu wake atahamishiwa stoo. Alipotaja stoo alinitazama mimi. Nina wanafunzi saba tu. Stoo ina panya! Madam Khairunisa wa ushonaji alitabasamu. Darasa lake tayari linashona sare za shule. Bahati tu.

Jumatano, 15 Machi
Nimepata! Nimezunguka soko la Kitale mchana kutwa. Hakuna hata mtu mmoja anayeuza mashine ya kupukuchua mahindi. Wajinga wote hungoja mavuno, halafu wanasukumana. Mimi nitauza sasa, wakati wa kupanda, peke yangu! Tutatengeneza kumi na mbili, za kuzungusha kwa mkono.

Sumeya, msichana pekee darasani, alisema kitabu cha biashara kinataka tuulize wateja kwanza. Nikamwambia mwalimu ni mimi, si kitabu. Akaenda kuuliza hata hivyo.

Jumatatu, 20 Machi
Sumeya ameuliza watu thelathini, hapa Kitale na kwao Bungoma. Wote wanalalamikia jambo moja: plau za kulimia zimevunjika, mvua iko karibu, mafundi hawatoshi. Anaomba twende soko la Bungoma na mashine ya kuchomelea. Nilikataa. Akasema, "Si ni siku moja tu, Mwalimu, bana!" Nimekubali ili anyamaze.

Ijumaa, 24 Machi
Mashine zimekamilika. Zinang'aa! Shida ndogo: ili kuonyesha zinavyofanya kazi nahitaji mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, na mwezi huu hakuna aliye nayo. Nikakumbuka jikoni kwa Mama. Mahindi yake ya mbegu yananing'inia juu ya moto, yale bora kabisa. Mama alikuwa kwenye maombi. Nimeazima yote.

Jumamosi, 25 Machi
Bungoma. Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Watu wakajaa! Mzee mmoja, Nyongesa, akaokota punje, akazinusa, akauliza kama nauza mbegu. Wote waliulizia mbegu. Mashine hakuna aliyezigusa, ila kuku mmoja aliyepanda juu. Wenzake walikula punje zote zilizomwagika. Madam Khairunisa alipita na sare zake, akanipa pole. Pole ile iliniuma sana.

Ng'ambo ya barabara, Sumeya alikuwa amevuta umeme kutoka kwenye kinu cha kusaga cha mjomba wake, Ubaid. Foleni ya plau ikafika barabarani. Saa sita wanafunzi wangu wote walikuwa kule. Niliogopa, nakiri. Nilikalia mashine moja nikawaza juu ya panya.

Mara Bwana Kagwe huyo! Akauliza kwa nini nimekaa. Kisha akaona foleni, akauliza ni ya nani. Niliruka nikasema ni ya darasa langu. Si uongo.

Jumatatu, 27 Machi
Mama amejua. Hataki kuniona. Alikuwa apande wiki hii, na sasa hana hata punje. Leo Sumeya, aliyesikia kisa hicho karakanani, ameniletea mfuko. Ati alitengeneza plau ya mama mmoja wa Kimilili, akaomba alipwe kwa mbegu, nimpelekee Mama. Machozi yalinilengalenga. Ni moshi wa karakana, labda.

Ijumaa, 31 Machi
Tumeokoka! Bwana Kagwe amehesabu malipo ya plau kuwa mauzo, darasa linabaki. Wanafunzi wapya ishirini wameomba nafasi, wanne wasichana, na wote wanataja jina la Sumeya. Atayaonyesha madarasa mengine jinsi ya kuuliza wateja. Niliwaangalia vijana wangu saba wakicheka, nikaona hakuna hata mmoja atakayekaa bila kazi. Nilifurahi mno.

Usiku huu nimechunguza siri ya ushindi wetu. Iko wazi: mashine zangu ndizo zilizovuta umati! Sumeya aliwapokea tu. Kwa hiyo nimeanza kuchora plau, ishirini kwa kuanzia. Nitazipeleka sokoni mwezi wa Novemba, watu wakiwa wanavuna.

Nimefikiria vizuri. Mwezi huo hakuna hata mtu mmoja anayeuza plau. Soko lote ni langu!