Taarifa ya Mkurugenzi Kuhusu Barakoa Zisizo na Kamba

Nawatangazia wananchi kwa furaha kwamba mpango wa kutawanya viwanda vya afya umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na aliyeufanikisha ni mimi, Mkurugenzi wa Mkusanyiko wa Viwanda.

Ndiyo, mkusanyiko. Kabla ya ugonjwa kazi yangu ilikuwa kinyume chake. Viwanda vyote vya barakoa nilivibana mtaa mmoja, ukuta kwa ukuta, nikapewa cheti. Ugonjwa ulipoingia, wagonjwa watatu wakapatikana mtaani humo, na kwa kanuni niliyoitia saini mwenyewe, mtaa ukafungwa. Nchi nzima ikakosa barakoa. Maji yalinifika shingoni, nikaitisha kikao.

Kikao kiliona kosa ni kukaribiana. Tukapeleka mashine za kukata vitambaa wilaya ya kaskazini, za kushona kusini, za kamba magharibi. Wiki hiyohiyo nikapiga marufuku safari za kutoka wilaya hadi wilaya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara.

Mke wangu ni muuguzi. Alikuwa na barakoa moja tangu Jumatatu, anaifua kila akirudi, na wenzake wawili walishalazwa katika wodi yao wenyewe. Niliogopa sana. Nikamfariji kwamba awamu ya pili ya mpango ingemfikia baada ya miezi minne.

Jumamosi nilipotoka kuoga nilikuta mafundi cherehani watano sebuleni, mapazia yangu mezani, na shemeji yangu, mdogo wake, anachomoa mipira ya viuno vya suruali zangu. Nikawakumbusha kwamba mkusanyiko wa namna hiyo unahitaji kibali cha Mkurugenzi.

“Mkurugenzi si wewe?” mke wangu aliuliza. “Kaa chini ukate kamba.”

Nikakaa. Shemeji alisema waziwazi kwamba nakata vibaya.

Saa sita Waziri akapiga simu. Amesikia kiwanda pekee nchini kinachotoa barakoa kamili kiko kwangu. Alinipongeza, akaagiza mia mbili za ofisi yake zifike kabla ya jioni. Nikamfikishia mke wangu ujumbe kwa heshima zote.

Hakuinua macho. “Tunaanza na wafagiaji wa wodi, halafu wauguzi, halafu wagonjwa. Mwambie akiona tunachelewa, mkasi mwingine upo.”

Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ndogo.

Kesho yake asubuhi gari la bendera lilisimama mlangoni. Sasa Waziri amekaa mkekani, kushoto kwangu. Shemeji ameshamgombeza mara mbili. Anakata vibaya kuliko mimi, na nimefurahi mno.