Shavu la Hhando

Jumatatu, 2 Juni 2025
Ukungu mpaka mlangoni. Nimepanda kwa Mama Laurencia, kule mashamba ya Karatu yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Mumewe, Hhando, tulimzika mwezi uliopita. Ameacha bunduki ya babu yake, ile ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Polisi walishaitoa pini ya kupigia risasi. Ni pambo tu, lenye karatasi zake.

Meneja wa loji mpya anatafuta mtu mmoja wa kumletea vitu vya kale. Ni mimi au Josephati, wa duka la ng'ambo ya barabara. Dukani kwangu hakujaingia mteja tangu Pasaka.

Nimeikagua. Chuma kimegeuka kahawia ya umri, rangi isiyoghushika. Kitako kinang'aa kwa mafuta ya mikono, na pana doa jeusi, laini, mahali Hhando alipoegemeza shavu. Mali safi. Nikamwambia mama ni kutu na kuni.

Akasema nyumba iko metimani, mwiko wao Wairaqw wa baada ya msiba. Kitu hakitoki. Nikasema kuazima si kutoka. Akanitazama sana. Akasema haya, shemeji wa Singida uliyeoa kwetu, azima. Ila usifute shavu lake.

Jumanne, 3 Juni
Josephati kampelekea meneja taa ya shaba, imesuguliwa mpaka unajiona meno. Meneja kaisifu. Nami nikashika msasa. Kahawia yote chini, doa chini, vanishi mara mbili. Inang'aa kama jeneza la tajiri!

Aneth, mke wangu, kauliza nani anakohoa stoo. Nikasema paka. Kanikumbusha hatuna paka.

Jumatano, 4 Juni
Doa limerudi. Juu ya vanishi, si chini yake. Lina joto, linanuka ugoro wa Hhando. Nikasugua. Nilipogeuka kuchukua kopo, nyuma yangu mkono wa chuma ukashuka, ukapanda. Kla, klak.

Unyevu. Karatu unyevu hufanya mengi.

Alhamisi, 5 Juni
Meneja kaja. Kacheka kwa adabu. Taa husuguliwa, kasema, bunduki ya kale haisuguliwi. Thamani yake yote ilikuwa ule uzee, nami nimeumaliza kwa msasa. Kazi kapewa Josephati, aliyevuka barabara makusudi kushuhudia. Kanishika mkono kwa mikono miwili, kama wa msibani.

Meneja akagusa doa, akafuta kidole kwenye suruali. Akauliza nani alikuwa analenga shabaha sasa hivi, maana mti una jasho. Mtutu ulielekea kiti changu. Nilikuwa nimeuacha ukielekea ukutani.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeirudisha. Mama Laurencia kaipokea kama mtoto aliyetoka bweni. Kapitisha ncha ya kanga. Vanishi ikatoka kama vumbi. Chini, kahawia ile ile. Hakunigombeza. Kasema tu Hhando alilalamikia harufu.

Nikaomba radhi, kwa dhati kabisa. Basi macho yakaangukia kigoda cha marehemu, pale kando ya moto. Mng'ao wa makalio ya maisha mazima! Josephati hana kitu kama hicho. Nikaomba kukiazima. Nikakishika: cha moto, tena kizito kupita mti.

Mama akasema hana neno, ila nisubiri kwanza mwenyewe anyanyuke.

Nasubiri. Vanishi bado ipo nusu kopo.