Nilivyopiga magoti ndani ya gari la taabo

Jumamosi, Saba Saba, 1984. Yalianza saa nne na robo asubuhi. Nina hakika na saa kwa sababu Kaka Masanja alikuwa ameivua saa yake akaitundika kwenye usukani ili isiingie grisi, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye usukani.

Leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza, ukainuka, ukajipangusa sketi. Hii ni ya kuhama nayo mji. Uso wangu umebaki kwenye bafu la mabua hapa nyumbani Nyahanga, na atakayeuokota akae nao.

(Rehema, najua ni wewe unayesoma. Tukifungua shule utaingiza mkono chini ya godoro langu kama kawaida yako. Haya, soma. Ila ukae chini kwanza.)

Nianze na gari. Baba ana gari dogo la zamani, lile lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Tunaliita Kobe. Kobe akifika kwenye mwinuko tulikuwa tunashuka wote, tunatembea pembeni yake tukimpa moyo. Mama ndiye aliyekuwa anatangulia kufika.

Sasa kaka yangu Masanja ni fundi magari. Mwezi uliopita alirudi kutoka Geita na injini juu ya lori, imefunikwa turubai kama mgonjwa. Ilitolewa kwenye gari la mnunuzi mmoja wa dhahabu, lilipinduka huko porini likabaki vipande. Injini ya taabo! Na breki za gari hilohilo akaja nazo, diski kubwa kama sahani za pilau. Kubwa mpaka magurudumu ya zamani ya mbele hayakuzienea, ikabidi atafute mengine. Kobe sasa amenyanyua pua kama jogoo anayetaka kuwika.

"Taabo ndiyo nini?" Mama aliuliza.

"Moshi, Mama, badala ya kutoka bure, unapita kwenye feni. Feni inasukuma hewa irudi kwenye injini, nguvu inaongezeka."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo linajamba, halafu linavuta."

"Mama!"

"Mimi nimeuliza tu."

Usidhani haya yote ni mchezo. Masanja anataka kumwoa Milembe wa Runzewe. Milembe anamtaka. Mama anamtaka Milembe kuliko hata Masanja anavyomtaka. Tatizo ni baba yake, Mzee Mabula. Huyu mzee aliwahi kupanda lori la pamba likakatika breki, likaenda kumsimamisha katikati ya lambo. Akakaa juu ya marobota tangu asubuhi mpaka jioni, anawatazama ng'ombe wanakunywa maji, na ng'ombe wanamtazama yeye. Tangu siku hiyo hawaamini mafundi. Alimwambia mshenga wetu: "Gari kukimbia si kitu, hata mbuzi anakimbia. Binti yangu nitamtoa kwa mtu ambaye nimeliona gari lake likisimama."

Na leo ndiyo siku ya kuja kuona. Yeye na dada yake, Shangazi Kabula, ambaye inasemekana ameshawakataa wachumba kadhaa wa mabinti wa ukoo wao. Mmoja alipiga chafya wakati wa kula. Basi.

Kwa hiyo leo Kobe asiposimama, Masanja haoi. Ni hivyo tu.

Na mimi? Mimi kosa langu ni kuwa na haya. Nikimwamkia mtu mzima sauti inaishia kooni, na magoti nayapinda kidogo kama mtu aliyedondosha sindano. Huku kwetu msichana haamkii wakwe namna hiyo. Asubuhi Mama alinishika sikio.

"Minza. Wakwe wanakuja. Utapiga magoti yafike chini, na shikamoo yako niisikie mpaka jikoni. Wasije wakasema nimelea kisiki."

"Ndiyo, Mama."

"Sijasikia."

"Ndiyo, Mama!"

Kitu cha mwisho halafu niingie kwenye msiba wenyewe: sabuni. Unajua mwaka huu sabuni ilivyo adimu. Mama alikuwa na moja ya kunukia, amekaa nayo sandukuni pamoja na kitenge chake kizuri, haina hata alama ya kidole. Leo ilitoka. Ikawekwa juu ya jiwe bafuni kwa ajili ya wageni. Sisi wa nyumbani tuliruhusiwa kuinusa.

Basi. Masanja na mimi tulianza kutoa upepo kwenye breki. Yeye anachuchumaa kwenye gurudumu, mimi niko kwenye usukani. "Pampu!" Napampu. "Shikilia!" Nashikilia. Analegeza nati, upepo unatoka na mafuta ya breki, anakaza. "Achia!" Naachia. Kazi hii naipenda sana. Haina watu. Mguu wangu hauna haya hata kidogo.

Breki zikawa ngumu kama ukuta. Masanja akacheka peke yake. Halafu akawasha injini.

Jamani! Ilianza kwa kunguruma, kisha ndani ya ngurumo kukawa na mluzi mwembamba, fyuuuuu, kama mtu anamwita mbwa aliye kijiji cha pili. Kuku wote wakahamia kwa jirani.

"Tia gia ya kwanza," Masanja akapiga kelele. "Klachi mpaka mwisho, breki mpaka mwisho! Nataka nione injini inavyokaa kwenye raba zake. Usiachie kitu mpaka niseme!"

Akaingiza kichwa kwenye injini kutokea ubavuni. Boneti lilikuwa wazi, limenifunika kioo chote, mbele sioni chochote. Hendibreki hakuna, waya wake haukufika kwenye breki mpya. Hendibreki nilikuwa mimi.

Ndipo nikasikia sauti dirishani, karibu na sikio langu.

"Hodi hapa."

Mzee Mabula! Baba alikuwa amekwenda stendi kuwapokea, kumbe wao walipata lori lililowashusha mlangoni kwetu. Amevaa koti, ana fimbo, vumbi jekundu la Runzewe mpaka kwenye nyusi. (Nisichokijua ni kwamba Shangazi Kabula alishapita upande wa jikoni, na Mama ameshamwonyesha bafu. Lishike hilo.)

Masanja hasikii, yumo kwenye mluzi. Mzee ananitazama. Mimi namtazama. Na miguu yangu yote miwili ina kazi.

Nikishuka, gari linaondoka. Nisiposhuka, mkwe anaamkiwa na msichana aliyekalia kiti kama bwana shamba. Na kule jikoni Mama ametega sikio. Rehema, akili ya mtu mwenye haya haifanyi kazi kama akili za watu. Niliona jibu moja tu, na niliona ni zuri kweli: kwani magoti ni lazima yapigwe nje?

Nikateleza kutoka kwenye kiti, nikapiga magoti palepale chini ya usukani. Yote mawili. Yakafika chini kabisa.

"SHIKAMOO BABA!"

Mama aliisikia. Nadhani hata Kahama sokoni waliisikia.

"Mara..." alisema Mzee Mabula. Iliyobaki sikuisikia. Nilikuwa nimeshaondoka.

Klachi ilikuwa imebaki yenyewe, haina mtu. Na goti la kulia lilikuwa limekaa juu ya pedeli ya mafuta, tena goti la mtu anayeamkia kwa heshima zote.

Kobe hakuondoka kama gari. Aliondoka kama amechokozwa na nyuki. Mluzi ukawa yowe. Kitu kikagonga pembeni, baadaye niliambiwa ni beseni la mchele. Kitu kikatuvuta kikakatika, ile ilikuwa kamba ya nguo. Mimi huko chini naona pedeli tu na magoti yangu. Nyuma yangu nasikia Masanja anakimbia: "Breki! Minza, breki! Breki!"

Nikaiona ile ya katikati. Nikaikandamiza kwa mikono miwili kama mtu anayekanda unga wa maandazi ya harusi nzima.

Kobe akasimama. Hakupunguza mwendo. Alisimama tu! Kichwa changu kikaingia chini ya dashibodi, na dumu la maji lililokuwa nyuma likaja mbele kunipa pole. Injini ikazimika.

Kimya. Harufu ya raba iliyoungua. Halafu, sijui kwa nini, harufu nzuri ya sabuni ya kunukia.

Sauti ya mwanamke, karibu sana na taa za mbele, ikauliza kwa hasira:

"Nani huyo anaingia bila hodi?"

Shangazi Kabula. Amejifunga kanga, uso mzima ni povu, macho ameyafumba. Bafu lake lilikuwa limebaki kuta tatu, ya nne ilikuwa Kobe.

Ningefanya nini? Magoti nilikuwa nimeshayapiga tayari.

"Shikamoo shangazi," nikasema kutoka chini ya usukani.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe, huwezi kusubiri watu wamalize kunawa?"

"Wa Mama Masanja."

"Toka nje, ukapige hodi."

"Ndiyo, shangazi." (Nitoke kwa gia ipi?)

Akachota maji, akanawa povu, akafumbua macho. Akaona taa mbili. Katikati namba ya gari. Juu yake boneti limeachama, limevaa shati jeupe la kaka yangu lililotoka kwenye kamba.

"MAYU WANE!" akamwita mama yake kwa Kisukuma.

Ndoo nzima ya maji ikaingia kwenye injini. Mvuke ukapanda kama treni imefika. Masanja ndiyo anatokea mbio, na maneno yake ya kwanza kabisa kwa shangazi wa mchumba wake, bila salamu, yalikuwa haya:

"Si kwenye taabo, shangazi! Taabo ni ya moto!"

Shangazi alikuwa anatazama chini, anatafuta kitu miguuni.

"Sabuni iko wapi?"

Gurudumu la mbele, lile kubwa jipya, lilikuwa limeikalia. Pembeni kulikuwa na povu kidogo. Mama alifika anahema, na wala hakuniuliza kama nimeumia. Alilitazama gurudumu.

"Yote?" akauliza.

Milango ya pembeni ilikuwa imebanwa na mabua. Kwa hiyo nilitokea mlango wa nyuma. Kinyumenyume, miguu ikitangulia, sketi nimeishika kwa mkono mmoja, mbele ya wakwe, mbele ya Mama, na mbele ya majirani ambao waliona sherehe za Saba Saba zimehamia kwetu. Mtu mmoja alipiga makofi. Nitamjua tu.

Mzee Mabula alikuja taratibu. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anafuata alama za magurudumu ardhini kama anatafuta ng'ombe aliyepotea: pale tulipoondokea, pale pa beseni la mchele, na mwisho ile mistari miwili mifupi, myeusi. Akainama, akapima kwa mkono kutoka bampa mpaka kwenye beseni la kuogea la dada yake. Shibiri moja.

"Masanja."

"Naam, baba."

"Hizi breki umezifunga wewe?"

"Mimi, baba. Na Minza ndiye tuliyetoa naye upepo." (Asante kaka. Ndipo nilipotaka nitajwe.)

"Lilikuwa na mwendo."

"Lilikuwa na mwendo, baba."

"Na limesimama."

"Limesimama."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akaegemea fimbo, vumbi likamtoka kwenye nyusi.

"Kabula," akasema, "lingekuwa lile lori langu, sasa hivi ungekuwa lamboni."

"Mimi niko lamboni!" Shangazi akafoka. "Tazama miguu yangu!"

Mzee akafuta macho. "Kwa upande wangu nimeona. Milembe atakuja. Ila huyu binti, siku akiwa ndani ya gari hilo na akataka kuniamkia, aniandikie barua."

Mama akaanza kupiga vigelegele. Shangazi akanyanyua mkono, kigelegele kikakatika katikati.

"Mimi sijasema neno. Nitasema kesho, nikishaoga nikamaliza."

Jumapili asubuhi.

Sijalala. Nimeamka kabla ya jogoo (jogoo mwenyewe hajarudi kutoka kwa jirani). Nimefunga mabua upya, nikakaza kamba mara mbili. Kobe tumemsukuma mpaka nyuma ya nyumba, pua kwenye ukuta, mawe kwenye magurudumu yote. Halafu nimefungua sanduku langu la shule, nikatoa kipande changu cha sabuni cha muhula mzima, nikakiweka juu ya jiwe.

Shangazi akatoka na kanga yake begani. Nikapiga magoti. Chini, kwenye udongo.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachungulia nyuma yangu.

"Liko wapi?"

"Limefungwa, shangazi."

"Na ufunguo?"

"Kaka ameulalia."

"Marahaba."

Akaingia. Nikamsikia ananusa sabuni. Halafu maji, maji, maji, muda mrefu kweli. Masanja alikuwa dirishani, ameuma shuka kwa meno. Mama amesimama jikoni na mwiko, uji unaungua.

"Minza!" Sauti ikatoka ndani ya mabua.

"Abee, shangazi!"

"Mwambie kaka yako Milembe hapendi kelele. Huo mluzi aupunguze kabla ya harusi."

Safari hii Mama alikimaliza kigelegele chake.

Haya Rehema, umecheka, nimekusikia kutoka huku. Hakuna neno. Ila muhula huu tutaoga kwa sabuni yako.