Ghorofa Nne na Kilo Nne na Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Lifti imekufa. Ghorofa nne! Bosi katangaza: atakayewahisha mafaili juu wiki hii ndiye atakayekuwa mkuu wa masjala. Cheo nimekikaimu mimi miaka sita, tena kwa kukaa! Tarishi wetu, yule tunayemwita Swala, kapanda mara tisa huku akipiga mluzi. Kiherehere tu. Mimi nilifika ghorofa ya kwanza, nikaahirisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeokoka! Redio ya kinyozi imesema mtoto asiyekua vizuri tumboni huenda akawa mzito wa kujishughulisha ukubwani. Kumbe si uvivu, ni maumbile! Nimemwandikia bosi kurasa tatu, nikaahidi ushahidi: kadi yangu ya kliniki. Barua kaipandisha Swala. Mbio, mjinga yule.

Jumatano, 5 Machi
Kwa mama, kufuata kadi. Nikamweleza kwamba tumboni mwake sikulishwa. Lo, nilijipalia makaa! Akauliza nani alinyimwa, wakati nilimjaa mpaka akashindwa kufunga viatu vyake mwenyewe. Kadi ikatoka sandukuni: kilo nne na nusu. Yarabi! Eti mkunga aliita wenzake waje kunitazama. Nikaomba kalamu, niigeuze ile nne iwe moja. Akanitoa mbio kwa mwiko.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kaja ofisini! Na kadi mkononi! Kamwambia bosi tumbo lake halijazaa goigoi, ugoigoi nimeuokota mwenyewe ukubwani. Kisha, na miaka yake sabini na mbili, akabeba mafaili yangu, akapanda ghorofa zote nne, akashuka, akauliza kama kuna mengine. Ofisi nzima makofi. Nilijionea fahari kuwa mwanawe, sikatai. Lakini si angepanda polepole jamani?

Ijumaa, 7 Machi
Swala ndiye mkuu. Kiti changu cha dirishani kakikalia yeye, roho inaniuma. Tarishi sasa ni mimi. Nimewaza sana, nikaliona kosa langu: nilimlaumu asiyehusika. Mama naye si aliumbwa tumboni mwa bibi? Basi chanzo ni huko! Bibi yu hai, miaka tisini na nne, anakaa juu mlimani. Nimempigia simu ashuke aje atoe ushahidi, maana mlima ule mimi siuwezi. Kasema anakuja kwa miguu. Vizuri sana. Akifika, nitamwomba anipandishie barua kwa bosi.