Mlango wa Kuzunguka wa Papa Mbusa

Jumatatu, 4 Februari 2008

Siku mbaya, yenye dakika kumi nzuri katikati.

Papa Mbusa ametuita ofisini, mimi na Gustave, makarani wake wawili. Jengo lake jipya la biashara hapa Masisi-centre limekwisha kuezekwa. Lina ghorofa. Na kwa kuwa karatasi za amani zilisainiwa Goma mwezi uliopita, anaamini wateja watamiminika, na hataki waingie kama wanaoingia zizini. Mwaka jana, Kampala, aliona hotelini mlango wa kuzunguka: mabawa ya kioo yameshikwa na mhimili mmoja, unasukuma, yanageuka, unajikuta ndani. Alipita mara kumi na moja, hadi mlinzi akamwomba aamue kama ni mgeni au la. Ameleta katalogi ya Kifaransa. Anataka mlango kama huo.

Kisha, kama mtu anayetaja mvua, akasema mwezi wa tatu atafungua depo, ghala la maharagwe, huko Kashebere, upande wa Walikale. Mmoja wetu ataenda kuisimamia. Nani, ataona.

Kashebere. Njia nzima ni vizuizi, na kila kizuizi kina wenyewe. Juma lililopita lori lilirudi kutoka huko bila kioo cha mbele, na dereva hakutaka kueleza.

Gustave akasema yeye ataenda popote Papa atakapomtuma. Ama ni mnafiki ama ni jasiri. Yote mawili yananichosha.

Hapo wazo likanijia. Mtu anayehitajika na mlango wa Masisi hawezi kupelekwa Kashebere. Nikasema, kwa sauti iliyofanana kidogo na yangu, kwamba kuchagua mlango wa kuzunguka si jambo la siku moja. Linataka mtu aliyesoma. Papa Mbusa alinitazama. Akanisukumia katalogi. Nimerudi nayo nyumbani chini ya koti, nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumatano, 6 Februari. Majivu.

Tumetoka misani moja kwa moja hadi ofisini, wote watatu na majivu kwenye paji. Papa Mbusa alitaka mlango wa umeme, unaojigeuza mtu akikaribia. Gustave akakumbusha kwamba umeme wetu ni jenereta, na jenereta ina tabia zake. Alisema kabla yangu. Nilikasirika sana, kwa maana ndiyo hoja niliyoandaa usiku kucha. Nikaongeza haraka kwamba mafuta yakiisha, wateja watabaki katikati kama samaki ndani ya mgono. Papa akacheka. Tumekubaliana: wa kusukuma kwa mkono.

Halafu akauliza swali ambalo katalogi nzima haikuliwaza.

"Evode, vita ikirudi, huyu mulango unatoka mu dakika ngapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole kama mtu anayemwonea huruma mwenye diploma. Kila mara watu walipokimbia hapa, waporaji walichukua milango kwanza, mabati baadaye. Mlango mzuri ni ule ambao watu wawili wanaung'oa, wanaupakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na kuuficha kabla mji haujaanza kupiga kelele.

Nilifungua kurasa haraka haraka. Ukurasa wa thelathini na nne: mabawa hukunjwa, na pini ya juu ya mhimili huchomolewa. Nilisoma kwa sauti, nikiruka maneno "na fundi aliyeidhinishwa". Papa Mbusa alipiga meza. Kuanzia leo mimi ndiye mkuu wa faili la mlango. Gustave amepewa kazi ya kupanga magunia ya maharagwe yatakayokwenda Kashebere.

Anayepanga magunia huenda na magunia. Nimekula chakula chote leo, ingawa ni siku ya kufunga. Nitatubu Jumapili.

Jumapili, 10 Februari

Sikutubu. Nilikuwa kazini.

Katalogi inataka ujue mambo mawili kabla ya kuchagua: watu wangapi hupita kwa dakika, na wana upana gani. Wapi Masisi nitapata watu wengi wakipita mlango mmoja kwa utaratibu? Kanisani, misa ikiisha. Nimejiona mwerevu kupindukia.

Nilisimama mlangoni na kamba yenye mafundo, nikawapima mabega kutoka nyuma. Watu hawakupenda. Mzee mmoja aliuliza kama padri ameagiza masanduku ya maiti kwa jumla. Mama Verdiane, yule muuzaji wa viazi mwenye sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili, alihisi kamba mgongoni akageuka.

"Mutoto wa masomo, mi sijafa. Kapime bibi yako."

Nikamweleza ni kwa ajili ya mlango. Akasema milango aliyopita maishani haikumuomba vipimo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa hofu.

Hata hivyo nimepata hesabu safi. Watu wa Masisi ni wembamba kuliko wale wa katalogi. Mlango wenye kipenyo cha mita moja na sentimita themanini unatosha kabisa, wenye mabawa manne. Gustave alisema mabawa matatu yangeacha nafasi pana zaidi kwa kila anayepita. Nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo hivyo. Basi nikaandika manne.

Jumatano, 13 Februari

Papa Mbusa hataki kuagiza kioo kutoka mbali kabla ya kuona kitu kikigeuka. Haki yake. Tumemwita Kanyamibwa, seremala, atengeneze mfano wa ukubwa kamili: mbao za mikaratusi, turubai badala ya kioo, pini ya kuchomoa juu, na chini, kitovu cha gurudumu la lori bovu.

Kanyamibwa ni mtu wa hapa hapa, baba yake na babu yake walilima kilima kilicho nyuma ya soko. Anafanya kazi akinung'unika. Alisema katika miaka thelathini hajaona mlango usiojua kazi yake. "Mulango iko wazi ao imefungwa. Huyu wako iko nini?" Nikamjibu kwamba ni yote mawili kwa wakati mmoja, ndio uzuri wake, upepo hauingii. Akasema mwanamke wa namna hiyo aliwahi kumwacha.

Lakini ameutengeneza vizuri. Jioni umesimama kwenye maingilio ya jengo, umenyooka, unageuka kwa kidole. Nimepita mara ishirini. Sikuwahi kujisikia salama namna ile: kila unapoingia, kuna bawa nyuma yako. Gustave alipita mara moja, akatoka upande wa pili, akasema ni mzuri kwa mtu asiyebeba kitu.

Wivu. Sikuyaweka maneno yake kwenye faili.

Ijumaa, 15 Februari. Siku ya soko.

Niandike yote, tena kwa mpangilio.

Saa nne Papa Mbusa alitoka na shati jeupe na kuwaambia watu wa soko kwamba jengo liko wazi kwa kutazamwa. Mimi nilisimama ndani, kama mwenye nyumba. Kanyamibwa na Gustave walikuwa nje. Watu walipanga mstari, na hapo nikaona nilichokosea. Niliona, lakini nilikuwa nimechelewa kwa siku tano.

Hakuna anayekwenda misani na mzigo. Siku ya soko hakuna anayetembea bila mzigo. Akina mama wote walikuwa na vikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, viazi vimepanda hadi juu ya kichwa. Mama mmoja kati ya hao ana urefu wa mlango wangu mzima, kutoka pua hadi kiazi cha nyuma kabisa.

Wa kwanza alikuwa Mama Verdiane. Papa Mbusa mwenyewe akamkaribisha na kuingia naye katika nafasi moja ili amwonyeshe. Mama aliingia. Kikapu hakikuingia. Bawa la nyuma likagonga viazi, bawa la mbele likamgonga Papa, na mlango ukasimama, wao wawili ndani yake, uso kwa uso.

"Papa Mbusa," Mama alisema, "tutaoana ao tutatoka?"

Wakati huo huo risasi mbili zikasikika, juu, upande wa barabara ya Nyabiondo.

Hapa kwetu kila mtu anajua la kufanya: risasi ikilia, kimbilia nyumba ya matofali. Jengo la Papa Mbusa ndilo la matofali mapya kuliko yote. Soko zima likaja.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sikufikiri juu ya Papa. Nilifikiri kwamba mwenye bunduki anakuja nyuma ya watu. Niliweka mgongo kwenye bawa, miguu ukutani, nikausukuma mlango kinyume. Nilifunga macho. Nilisali Salamu Maria nikianzia katikati. Watu walisukuma, Papa Mbusa aliita jina langu kwa herufi zake zote, na mlango haukusogea hata kidogo.

Gustave na Kanyamibwa ndio waliopanda juu, wakachomoa pini, wakaulaza mlango pembeni kwa upole. Nilibaki nimekaa chini, mgongo hewani, mbele ya soko lote.

Risasi zilikuwa za askari polisi. Fahali alikuwa amemponyoka mchungaji akaingia kwenye kituo chao, na mmoja wao akapiga hewani kumtisha. Fahali hakutishika.

Mama Verdiane alikusanya viazi vyake kimoja kimoja. Alipofika kwangu alisimama.

"Nimekimbia vita mara saba. Hakuna hata moja iliniweka ndani ya kabati na bwana ya watu."

Sijaitwa na Papa Mbusa. Amekwenda nyumbani na shati lenye udongo wa viazi.

Jumamosi, 16 Februari

Niliandaa barua ya kuomba msamaha, nakala mbili. Nilifikiri nitafukuzwa, na nikaona kwamba aliyefukuzwa pia haendi Kashebere. Nilitembea kwenda ofisini karibu kwa furaha.

Papa Mbusa hakuisoma barua. Aliniuliza kilo zangu. Nikamwambia hamsini na mbili. Akauliza jana walikuwa watu wangapi wakisukuma. Gustave, bila kuulizwa, akasema kama arobaini, pamoja na Papa mwenyewe, ambaye si mwepesi.

Papa akazunguka meza mara mbili. Mtu mmoja wa kilo hamsini na mbili, akasema, tena mwoga, amewazuia watu arobaini kwa mgongo tu. Kwa duka la Masisi mlango huo ni upumbavu: wateja lazima waingie na viazi vyao, na chukudu ikiwezekana. Hapa ataweka milango miwili mipana ya kawaida, na Gustave atasimamia kazi hiyo, kwa kuwa anajua kuona watu wamebeba nini. Lakini depo ya maharagwe haitaki wateja. Depo inataka watu wasiingie. Kashebere wezi huja kikundi.

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikasema, kwa haraka, kwamba Gustave ndiye aliyeonyesha ujuzi wa kuchomoa pini.

"Kule hatutake kuutosha," Papa akasema, yaani kuung'oa. "Tunataka kuushika. Na hakuna muntu anaushika kukupita weye."

Akanipa mkono. Alikuwa na fahari juu yangu. Hajawahi kuwa nayo kabla ya leo, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Gustave alinisindikiza hadi nje akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Evode, ningekwenda mi. Nilimwambia asubuhi. Alikataa." Nilitaka kumchukia. Kazi hiyo nayo imenishinda leo.

Jumanne, 4 Machi. Kashebere.

Nilifika juzi. Nimesafiri juu ya lori, nimelalia mlango, nimeushika kwa mikono miwili kutoka Masisi hadi hapa. Vizuizi vitano. Kila kimoja nilijua ndio mwisho wangu. Kila mahali wenye bunduki waliuliza ni nini hicho chini yangu, nikaeleza, wakataka kukiona kikigeuka. Kizuizi cha nne waliteremsha mlango wote, wakausimika kati ya magunia, wakapita kwa zamu kwa nusu saa nzima wakicheka kama wanafunzi. Mmoja alipita, bunduki yake ya begani ikakwama, akaomba radhi.

Depo ni chumba kimoja cha mbao na bati. Mlango umesimamishwa. Jirani yangu, Mama Godelieve, ameniletea mhogo na sombe, yale majani yake yaliyopikwa, na kuniuliza kama ni kweli ninalala nikiwa nimesimama nyuma ya mlango. Watu hapa ni wema. Barabara ina wafanyabiashara mchana kutwa. Kusema kweli, ningeweza kukaa.

Lakini leo dereva ameleta barua. Papa Mbusa amefurahi mno na habari za mlango hata anafikiria depo ya pili, mbali zaidi, Walikale-centre, ndani ya msitu. Atahitaji karani mwenye uzoefu. Nani, ataona.

Nimesoma barua mara sita. Kisha nikaona, chini kabisa, mstari ameuongeza kwa kalamu nyingine: Kampala, asema, kuna duka lenye ngazi zinazopanda zenyewe, mtu anasimama tu.

Lazima nihitajike Kashebere. Nimeshaomba katalogi ya ngazi hizo. Kesho naanza kupima watu sokoni, safari hii wakiwa na mizigo. Ni kweli depo haina ghorofa, lakini nimemwandikia Papa kwamba hilo ni jambo dogo, na kwamba linataka mtu aliyesoma.