Malalamiko Kuhusu Jina la Lucius kwenye Fulana za Ukoo

Tifton, Georgia
Juni 19

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mkutano wa Ukoo wa Mabry

Shangazi Verdell,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili dada wa baba yangu, na kwa heshima pungufu kidogo anazostahili mwenyekiti wa kamati iliyoniletea karatasi ile ya majina. Natumaini goti limepungua kuuma. Mimi ni mzima, ila nimeudhika, na kwa kuwa kamati yenu inapenda mambo ya maandishi, nimeona nami nilalamike kwa maandishi.

Mmeagiza fulana mia mbili na arobaini za mkutano wa Julai. Mgongoni mti wenye majina ya ukoo mzima, kila tawi kati ya matawi sita kwa rangi yake, kama ilivyo desturi yetu. Nawachapia kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza kazi hii hufanywaje. Basi someni.

1. Kuhusu fulana nyeusi. Wazo ni la Binamu Odessa, ambaye anasema nyeusi inaficha vitambi. Ni kweli inaficha vitambi. Inaficha na wino pia. Ukichapa njano juu ya kitambaa cheusi, njano inakufa, kwa hiyo ni lazima kwanza nichape tabaka jeupe, nilikaushe, ndipo rangi sita zifuate juu yake moja baada ya nyingine. Hizo ni skrini saba. Kila skrini ni wavu uliowambwa kwenye fremu. Unaupaka dawa gizani, unauacha ukauke, unaupiga mwanga kupitia filamu ya mchoro, kisha unauosha kwa maji mpaka mchoro ubaki wazi na wino upite hapo tu. Halafu zote saba zilingane kwenye mashine, maana moja ikisogea unene wa ukucha, majani yanaota nje ya mti. Nilipomweleza Odessa haya yote kwa simu, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ansel, baba, rangi ni rangi. We bonyeza tu." Huyo ndiye katibu wenu.

2. Tawi la Cleophus wanaomba waache kahawia wapewe zambarau, eti kahawia "haitoki vizuri kwenye picha." Zambarau ina wenyewe. Wazee walipogawa rangi, watu wa Cleophus walikuwa wamelala. Waendelee kulala.

3. Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika orodha mliyonipa, tawi la bluu, mstari wa kumi na nne, chini tu ya jina langu, mmeandika Lucius Mabry. Nilidhani mkono wa Odessa umeteleza. Nikakupigia, ukanijibu, "Ni mdogo wako na bado yu hai. Au umeshamzika bila kutuita?" Shangazi, maneno hayo hayakunichekesha, ingawa nilimsikia mtu akicheka nyuma yako.

Naona kamati imesahau, basi naikumbusha. Miaka sita iliyopita, siku moja kabla ya mkutano, nilikuwa nimezipaka dawa skrini zote na kuziacha gizani zikauke. Lucius alikuwa likizo, shule zikiwa zimefungwa na basi lake la wanafunzi limeegeshwa, akawa ananisaidia. Akaona zinachelewa. Akazitoa nje, akaziegemeza ukutani kwenye jua la saa saba mchana, jua la Georgia ambalo hata mbwa hulikimbia. Sasa dawa ile, Shangazi, huganda ikipata mwanga. Ndiyo kazi yake hapa duniani. Kabla hujamaliza soda moja, skrini zote zilikuwa zimeziba kila tundu, na hakuna tone la wino ambalo lingepita tena. Dawa nyingine sikuwa nayo.

Mnaikumbuka picha ya mwaka ule. Watu mia mbili katika fulana nyeupe zisizo na neno hata moja, kama wauguzi waliogoma. Mgeni mmoja bustanini aliniuliza kama tunauza kitu. Nilisimama karibu na jiko la mbavu, mbele yenu nyote, nikasema wazi, "Msiniulize mimi. Muulizeni Lucius." Na Lucius alijibu nini? Hakujibu kitu. Alichukua funguo za gari akaenda zake, na hajakanyaga tena mkutano wa ukoo mpaka leo. Mtu asiye na hatia hujitetea. Yeye alinyamaza, na kwangu huko kulikuwa kukiri kosa.

4. Kwa hiyo naomba rasmi hivi. Kwa kuwa kamati imekwisha kuamua, jina lake nitalichapa, lakini lisipikwe. Wino wetu usipopita kwenye tanuri haushiki kwenye kitambaa. Nitalikausha juu juu tu, litang'aa kwenye picha, na likifuliwa mara ya kwanza litaondoka na maji ya sabuni. Mtakuwa mmempa heshima ya siku moja, ambayo kwa maoni yangu imezidi.

Kuna tatizo dogo la kiufundi. Lucius yumo kwenye skrini ya bluu pamoja na tawi letu lote, na siwezi kumwacha yeye mbichi sisi tukaiva. Itabidi nitengeneze skrini ya nane, ya jina lake peke yake, bluu ile ile, niichape mwisho baada ya wengine kutoka tanurini. Filamu nimeshaandaa. Herufi ni kumi na moja. Nimezipanga upya mara nne mpaka zikakaa sawa na mstari, kwa sababu hata jina la mtu wa hovyo halichapwi hovyo kwenye banda langu.

5. Na kwa kuwa skrini ya nane itakuwepo, naona ni hasara kuitumia kwa mtu mmoja. Naomba waingie pia Odessa, ambaye kila mwaka hununua kuku dukani akamhamishia kwenye bakuli lake na kupokea pongezi. Watu wote wa Cleophus, ambao huondoka kabla viti havijakunjwa. Na mumeo Mzee Rufus, aliyejaza kwenye fomu kwamba anavaa saizi ya kati. Nimepitia orodha yote kwa uadilifu. Ukoo ukifua mara moja tu, kufikia Agosti fulana itabaki na majina mawili, langu na lako, na lako bado nalifikiria.

Naomba jibu la kamati kabla ya Ijumaa, maana dawa ikishapakwa haisubiri vikao.

Nisalimie Mzee Rufus, nisalimie kwaya, nisalimie wote wanaoniulizia na hata wasioniulizia, isipokuwa yule wa mstari wa kumi na nne.

Wako katika ukoo na katika wino,
Ansel Mabry

Tanbihi: Nimeisoma barua hii tena kabla ya kuifunga, na namba ya tatu ina kosa. Skrini nilizitoa nje mimi. Nilikuwa na haraka, nikajidanganya kwamba dakika mbili hazina neno. Lucius hakuwepo hata nyumbani. Nilikuwa nimemtuma barafu. Kesho yake nilipomtaja, wewe Shangazi ulikuwa umesimama pale pale karibu na jiko la mbavu, na ni wewe uliyekuwa unaamua nani achape fulana za kwaya na za shule ya Jumapili, kazi iliyokuwa inanilisha. Aliniangalia mimi, akakuangalia wewe, akaelewa, akachukua funguo. Mwaka huo ulinipa kazi zote, na zijazo pia. Sijawahi kumwomba radhi. Tafadhali usiongee naye kwa niaba yangu. Mwite aje, halafu uisome barua hii yote kwa sauti, pamoja na matusi yake, kabla mtu hajashika sahani. Nilimsingizia mbele ya watu mia mbili, kwa hiyo siwezi kwenda kumwomba radhi tukiwa peke yetu.